Wanaotumiana PDF wafungwe? Basi tutaisha mtaani

Mhariri salaam,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwenye ukurasa huu kwamba kila anayemtumia mwenzie muvi, nyimbo au PDF ya kitabu ni mwizi na dawa yake ni jela tu. Hasira zake nimezielewa na kisheria hajakosea sana, ila pale aliposema watu wakiogopa jela ndo wataanza kununua hapo tumeachana. Mi nina steshenari hapa Morogoro, natoa kopi, naprinti na vitabu nauza pia, kwahiyo anayetafuta cha bure na anayenunua wote wanasimama kaunta yangu, na mara nyingi ni mtu huyohuyo mmoja.

Kwanza hiyo sheria maana mtaani inaongelewa ovyo sana. Wapo wanaosema mi siuzi, namrushia tu rafiki, kosa liko wapi. Kosa lipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999 na inampa mtunzi haki ya kunakili kazi yake, kuisambaza, kuitafsiri, kuikodisha, na haki hizo zinadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kuna upenyo wa matumizi binafsi, yaani kitu kimeshatoka kihalali ukajinakilia ukae nacho mwenyewe nyumbani, lakini ukishakitupia kwenye grupu la watu mia mbili hiyo sio binafsi tena hata kama hujaingiza shilingi. Alafu 2015 ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao, wengi tunaijua kwa mambo ya matusi na habari za uongo, ila nenda kifungu cha 24 ukasome mwenyewe, kinaongelea kutumia kompyuta kuvunja haki za wabunifu na kimemtaja anayefanya kibiashara na asiyefanya kibiashara, wote wamo humo. Na wale wa "muvi ya Mkorea haina mwenyewe huku kwetu", Tanzania iliingia Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1994, Mkorea analindwa hapa sawa na jamaa wa Tandale aliyerekodi nyimbo yake jana.

Ila mwenzangu naye kachanganya, kaandika kama vile kutumiana fail lolote ni haramu. Njia zenyewe za kurushiana mafaili hazina kosa, Xender sio haramu, torenti sio haramu, Telegramu sio haramu, inategemea unachotuma ni cha nani na kasema nini. Kuna wasanii wanatuma nyimbo wenyewe kwenye magrupu waombe zisambae, kuna Mdundo ambako unadanlodi bure kihalali kabisa na msanii analipwa kutoka kwenye matangazo, kuna vitabu vya Taasisi ya Elimu vimewekwa kwenye maktaba mtandao yao mwanafunzi asome bila kulipa. Ukimwambia mtoto kila cha bure kwenye simu ni wizi atakuona hujui unachosema na hata siku ukiwa sahihi hatakusikiliza.

Sasa tuje kwenye hofu. Hayo ya kutisha watu Marekani walishayafanya, tena kwa nguvu kuliko sisi tutakavyoweza. Kuanzia 2003 makampuni ya muziki yalianza kushtaki watu wa kawaida kabisa, wanafunzi, wazazi, maelfu kwa maelfu. Mama mmoja wa jimbo la Minnesota kesi yake ilizunguka miaka mpaka mwisho akabaki anadaiwa dola 222,000 kwa nyimbo 24, nyimbo ambazo dukani kwa iTunes zilikuwa senti 99 moja. Mwishoni mwa 2008 makampuni wenyewe wakatangaza wanaachana na hizo kesi za mtu mmoja mmoja, na watu walikuwa bado wanadanlodi. Kilichokuja kupunguza ni kitu kingine kabisa na kilitoka Sweden, nchi ileile ambayo mahakama ya Stockholm mwaka 2009 iliwahukumu jela wale jamaa wa Pirate Bay, tovuti ya kudanlodi muvi na nyimbo bila ruhusa ya wenyewe. Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, ilianza kwao 2008, mtu akaona kumbe naweza kusikiliza nyimbo yoyote sekunde hiihii bila virusi, bila kutafuta, bila kushusha fail la jina hili ukafungua ukakuta kitu kingine. Wavivu wakahamia huko, na binadamu wengi ni wavivu, mimi nikiwemo.

Na hapa kwetu tumeshajaribu ya kwetu. Mwaka 2013 TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, walileta stempu za kubandika kwenye CD na DVD ili iliyo halali ijulikane. Mwaka 2017 waigizaji wakaandamana Kariakoo kulalamikia muvi za nje zinazouzwa kiholela. Kilichoua CD sasa hakikuwa stempu wala maandamano, ni memori kadi. Stempu utaibandika wapi kwenye memori kadi yenye muvi mia? Kijana anakaa na laptopu yake chini ya mwavuli, kaandika JAZA FLASHI, unampa flashi anakujazia. Huyo ndo hasa mi naona sheria imshike, maana anauza jasho la mtu mchana kweupe na mwenye kazi hapati hata mia, ila tunamuacha yeye tunahangaika na bibi aliyemtumia mwanae wimbo wa kwaya kwa WhatsApp. Na msije mkaniambia ile tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 inayokatwa kwenye baadhi ya vifaa vya kurekodia na kuhifadhia ndo ruhusa, nimemsikia mtu dukani kwangu akijitetea hivyo, kwamba kifaa nimekilipia tozo basi nimeshamlipa msanii. Haijakupa leseni ya kufungua biashara ya kujaza watu flashi ndugu yangu.

Hebu sasa tuulizane swali ambalo mwenzangu hakuligusa, kama vya bure vimejaa hivi, kwanini watu bado wananunua? Maana wananunua!

Chukua hivyo vitabu vya Taasisi ya Elimu. PDF ipo, bure, halali, na bado kila Januari wazazi wananiulizia kitabu chenyewe cha karatasi. Sababu ziko wazi ukikaa dukani kwangu. Mtoto yupo bweni na simu hairuhusiwi. Bando linaisha. Simu ni ya baba na baba yupo safari. Kusoma kurasa mia mbili kwenye kioo kilichopasuka macho yanauma, na kuprinti zote ukipiga hesabu inapita bei ya kitabu (nawaambia ukweli huo japo nakosa hela ya kuprinti), alafu kitabu kikiisha kinarithiwa na mdogo wake. Biblia nayo ipo kwenye simu ya kila mtu bure lakini nenda Jumapili uone watu wamezibana kwapani.

Alafu kuna uzinduzi wa albamu za kwaya, nashangaa wataalamu wa hakimiliki hawajaenda kujifunza pale. Kwaya imerekodi, zile nyimbo pengine zimeshavuja kwenye simu za nusu ya usharika, kila mtu anaziimba. Siku ya uzinduzi mgeni rasmi anasimama ananunua nakala ya kwanza kwa laki tano, anafuata mzee wa kanisa kwa laki, jumuiya inachanga elfu hamsini, mama muuza mboga anatoa elfu kumi kwa kitu ambacho pengine hana hata deki ya kukichezea. Hakuna aliyemtishia. Ananunua kwasababu anawajua wale walioimba, soprano ni mtoto wa jirani yake, anaambiwa hela hii inanunua kinanda, na jina lake linatajwa kwenye maiki. Anaona kabisa hela yake inapoenda. Sasa mnunuzi wa kawaida wa muvi ya Bongo aliyelipa buku mbili Kariakoo alikuwa anajua muigizaji anapata ngapi hapo? Wasanii wenyewe walikuwa wanalia kwamba walishauza kazi jumla kwa msambazaji na hawapati kitu tena. Ukishajua hivyo mkono unakuwa mzito.

Na miito ya simu je. Mtu huyohuyo ambaye hajawahi kununua nyimbo tangu azaliwe anakatwa hela kila wiki ili anayempigia asikie kipande cha wimbo, yeye mwenyewe hata hausikii! Anakubali kwasababu alibonyeza namba moja tu, hela ikatoka kwenye salio, kidogokidogo, hakuulizwa kadi ya benki. Spotify imefika Tanzania Februari 2021 ila ukija kwenye kulipia ndo unakuta mambo ya kadi, na wateja wangu wengi hela zao ziko kwenye simu, hazijawahi kukaa benki.

Wengine wananunua kwa sauti ya mtu. Wakubwa wenzangu mnamkumbuka Lufufu, yule mtafsiri wa muvi za nje kwa Kiswahili enzi za mikanda ya VHS, muvi ya Kichina ipo vibanda vyote lakini watu walitaka ile aliyotafsiri yeye, na walilipia. Najua kisheria kutafsiri bila ruhusa ya mwenye muvi nalo ni kosa, ndo maana nasema hili jambo lina vichekesho vyake, ila linaonyesha mtu anakubali kutoa hela akiona kaongezewa kitu. Siku hizi waandishi wa hadithi za simu wanafanya vizuri zaidi na kazi ni zao wenyewe, anakupa sehemu kumi za mwanzo bure kwenye Facebook mpaka ushindwe kulala, ukitaka mwisho unatuma buku kwenye namba yake unaingizwa grupu. Zinavuja ndio, na anaendelea kuuza, maana ukimtumia hela unaweza kumpigia kelele kwanini kamuua mhusika wako.

Ntasema na la kwangu, kitabu kizima cha mtu sikitolei kopi, wateja wanajua na wengine wananinunia wanaenda duka la pili, kurasa mbili tatu za mwanafunzi natoa. Sijafika hapo kwa kuogopa kifungu, ni kwamba vitabu nauza na mimi, nikikitoa kopi najichimbia mwenyewe.

Nimalizie na nyie, Mhariri. Hili gazeti asubuhi saa kumi na mbili lipo tayari kwenye magrupu kama PDF, kurasa zote mpaka matangazo ya vifo, na barua yangu mkiichapa wengi wataisoma hukohuko. Nilijaribu kununua nakala ya kusomea kwenye simu nikaombwa nijisajili kwa imeili, kisha kadi, kisha kulipia mwezi mzima. Mi nataka la leo tu kwasababu leo kuna matokeo. Wekeni lipa namba hapo chini ya ukurasa wa kwanza, mia tatu au hata mia tano kwa toleo moja, mtu akilipa liingie kwenye simu yake palepale. Mkiweka mniambie, hiyo namba nitaiprinti kubwa niibandike mlangoni kwangu bila kuwadai, maana kila asubuhi kuna watu wanakuja kuniomba niwaprintie ukurasa wa ajira tu kutoka kwenye hiyo PDF yenu ya magrupu.

Msomaji wenu,
Mama wa steshenari, Morogoro