Anayeandika "maziwa ya mbuzi" kwenye sabuni aseme ni kiasi gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalowahusu wanunuzi wa sabuni za kuogea zinazouzwa kwa jina la maziwa ya mbuzi. Katika miaka ya karibuni jina hilo limeenea madukani, kwenye maonyesho na katika matangazo ya simu, kiasi kwamba sisi tunaoamka alfajiri kukamua tunajiuliza maziwa hayo yote yanatoka katika mazizi yapi.

Mimi ni mfugaji wa Mgeta, wilayani Mvomero, kwenye miteremko ya milima ya Uluguru. Mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwei walifika huku mwishoni mwa miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na tangu hapo familia nyingi zenye mashamba madogo ya kabichi, karoti na viazi zimekuwa na banda la mbao lililoinuliwa juu ya ardhi, lenye sakafu ya nafasi nafasi inayoruhusu mavi kudondoka chini na kuwa mbolea. Mbuzi wa kwanza katika nyumba yetu aliletwa na baba mkwe wangu, ambaye alimlipa kwa kumtoa mtoto jike wa uzao wake kwa jirani aliyefuata. Leo tunao sita wanaokamuliwa, na majani yakiwa mengi kila mmoja hutupa kati ya lita moja na lita moja na nusu kwa siku. Maziwa hayo kwanza hunywewa nyumbani, na watoto na wazee ndio wa mwanzo kupimiwa.

Tulianza kutengeneza sabuni kwa sababu ya maziwa yaliyokuwa yakibaki. Barabara ya kushuka mjini wakati wa masika inajulikana, na maziwa hayasubiri tope likauke. Tena wanunuzi wengi walikuwa wakiyakataa wakisema yananuka beberu, na katika hilo hawakuwa wakisingizia, kwa kuwa wakati ule beberu wetu alilala banda moja na majike na harufu yake ilishika viwele, mikono ya mkamuaji na hata ndoo. Tulipomhamishia banda la mbali, tukaanza kuosha viwele na kuyapoza maziwa mara baada ya kukamua, harufu ile ikaisha. Wanunuzi waliokwisha kuondoka, hata hivyo, hawakurudi haraka, na katika kipindi hicho ndipo binti yetu aliyehudhuria mafunzo ya ujasiriamali alipotushauri kujaribu sabuni.

Naomba nieleze kazi yenyewe kwa urefu kidogo, maana asiyeijua hawezi kuona ninacholalamikia. Kwa mkupuo mmoja tunatumia kilo 3 za mafuta: gramu 900 za mafuta ya nazi yanayotoka pwani, gramu 1,200 za mawese ya Kigoma na gramu 900 za alizeti ya Singida. Nazi huleta povu na ugumu, mawese hukipa kipande uzito wa kudumu bafuni, na alizeti huilainisha sabuni, ingawa ikizidi sabuni hubaki tepetepe na baada ya miezi kadhaa huota madoa ya rangi ya chungwa na kunuka mafuta yaliyochacha. Kila mafuta hudai kiasi chake cha kostiki soda, kemikali kali inayounguza, ili yageuke sabuni. Gramu moja ya nazi huhitaji takribani gramu 0.183, ya mawese 0.141 na ya alizeti 0.134, hivyo mchanganyiko wetu ungemaliza gramu 454 hivi. Sisi tunaweka 432, yaani tunapunguza sehemu 5 katika kila 100, ili mafuta kidogo yabaki bila kuliwa na kostiki na ngozi ya muogaji isikauke. Mtu anayebadilisha mawese kwa nazi bila kupiga hesabu upya hupata sabuni nyingine kabisa, na akikosea kwa upande wa kuzidisha kostiki hupata kitu kinachounguza.

Maziwa huingia mahali ambapo wengine huweka maji. Tunatumia gramu 990, nayo ni lazima yawe yamegandishwa kuwa barafu, kwa sababu kostiki inapokutana na kimiminika huchemka yenyewe bila moto, na sukari iliyomo ndani ya maziwa huungua, yakawa ya kahawia na kutoa harufu kali kama ya amonia. Kwa hiyo tunapeleka maziwa kwenye friza ya dukani Nyandira, tunayachukua kesho yake, tunayapondaponda, kisha tunanyunyizia kostiki kidogo kidogo huku tukikoroga, tukiwa tumevaa glavu na miwani. Hatutumii sufuria zetu za kawaida, kwa kuwa nyingi ni za alumini na kostiki huila alumini na kutoa gesi inayowaka. Tunatumia ndoo za plastiki ngumu. Mchanganyiko ukifikia hali ya uji mzito, mwiko ukipita juu yake na kuacha alama, tunaumwaga kwenye kalibu, tunauacha siku moja au mbili, tunakata vipande 40 na kuvipanga kwenye chanja ya mianzi penye hewa. Hapo vinakaa wiki sita kukomaa na kukauka. Kipande chenye gramu 110 siku ya kukatwa huwa na gramu 100 hivi siku ya kufungwa.

Gharama yetu iko katika wiki hizo sita, maana fedha ya mafuta, kostiki na ubaridi hulala juu ya chanja mwezi mmoja na nusu kabla ya kurudi hata shilingi. Kipande chetu tunakiuza shilingi 4,000, na mnunuzi akiuliza kwa nini, namweleza haya niliyoyaandika hapa.

Mwaka jana mwenye duka mmoja wa mjini, ambaye alikuwa akichukua sabuni zetu, aliniambia kwamba hatachukua tena kwa kuwa amepata za maziwa ya mbuzi kwa nusu ya bei. Nilinunua kipande kimoja nikaenda nacho nyumbani. Karatasi yake ilikuwa na picha nzuri ya mbuzi akiwa kwenye majani na maandishi makubwa ya jina la maziwa yake, lakini orodha ya viambato, iliyoandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi ambazo mama mkwe wangu hawezi kuzisoma hata kwa miwani, ilitaja sabuni ya mawese, maji, chumvi, manukato na rangi. Binti yangu aliisoma mara tatu. Maziwa hayakutajwa kwa jina lolote, wala la Kiingereza wala lile la Kilatini, Caprae lac, ambalo watengenezaji wa vipodozi hulitumia. Kilichokuwa cha maziwa katika sabuni ile ni harufu.

Simlaumu mtu anayenunua sabuni iliyokwisha kutengenezwa kiwandani, akaiyeyusha, akatia manukato na kuimwaga kwenye kalibu. Hiyo ni kazi halali, na wapo akina mama wengi wanaosomesha watoto kwa kazi hiyo. Ninachokipinga ni jina. Katika vipodozi ilivyo desturi ni kwamba viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito kushuka hadi kilicho kidogo, na vile vilivyo chini ya sehemu moja katika 100 huweza kufuatana kwa mpangilio wowote. Mnunuzi anayeijua desturi hiyo akiona maziwa yametajwa nyuma ya manukato huelewa kwamba huenda ni matone tu, bali mnunuzi wa kawaida huangalia picha ya mbuzi, akaamini na kulipa.

Kuna jambo la pili ambalo linaniuma zaidi ya biashara. Sabuni hizi, na nasikitika kusema hata baadhi ya zile zenye maziwa ya kweli, zinauzwa kama dawa. Utasikia kwamba zinaponya pumu ya ngozi, fangasi, chunusi na mba, na wengine wanaongeza kwamba zinang'arisha ngozi kwa wiki mbili. Siku moja alipanda mama mmoja hadi kwetu akiwa amembeba mtoto mwenye pumu ya ngozi, mikunjo ya viwiko na magoti ikiwa imechubuka. Alikuwa ameacha dawa ya kupaka aliyopewa kliniki kwa sababu aliambiwa sokoni kwamba sabuni ya mbuzi inatosha. Nilimwomba arudi kliniki na sikumuuzia kitu, na alishuka akiwa ameudhika, akidhani namnyima.

Ukweli wa maziwa ndani ya sabuni ni mdogo kuliko sifa zake, nasi tunaoishi kwayo ndio tunaopaswa kuusema. Sehemu kubwa ya maziwa ni maji, na maji hayo hupotea kadiri sabuni inavyokauka. Mafuta yake, ambayo ni gramu 3 hadi 4 hivi katika kila gramu 100, huungana na mafuta mengine na mengi yake hugeuka sabuni. Sukari yake huongeza povu. Vitamini ambazo watu huzitangaza hukutana na kostiki kali na joto, na sijui mtu anaweza vipi kuahidi kwamba zimefika salama kwenye ngozi ambayo dakika moja baadaye inamwagiwa maji. Vilevile wapo wanaoandika kwamba sabuni yao ina pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, sawa na ya ngozi, wakati sabuni yoyote iliyotokana na mafuta na kostiki husimama karibu na 9 au 10, na ngozi ya mtu iko karibu na 5. Tunachoweza kujivunia ni povu laini, mafuta tuliyoyaacha kwa makusudi, na gliserini ambayo huzaliwa ndani ya sabuni wakati wa kutengenezwa na ambayo viwanda vingi huitoa na kuiuza kando, ilhali yetu hubaki ndani. Kwa mtu mwenye ngozi kavu hayo si madogo, na wateja wetu wengi wa Morogoro mjini wanarudi kwa sababu hiyo.

Kuhusu wale wanaotangaza kung'arisha, nawasihi wasomaji wawe waangalifu sana. Zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku katika vipodozi nchini mwetu, na sabuni inayobadilisha rangi ya mtu kwa siku chache haikupata nguvu hiyo kwa mbuzi.

Hata mtu asiyejali bei ana haki ya kujua kama maziwa yamo. Protini za maziwa ya mbuzi zinafanana sana na za maziwa ya ng'ombe, na mtu mwenye mzio wa maziwa anaweza kudhurika kwa kuyapaka kwenye ngozi iliyochubuka. Mtu huyo akizoea sabuni zenye jina la maziwa zisizo na maziwa, ataamini kwamba hazimdhuru, na siku atakaponunua ya kweli atapata tabu bila kujua sababu.

Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania, baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Naliomba shirika hilo, pamoja na SIDO ambalo huwapokea na kuwaelekeza wajasiriamali wadogo, litazame jambo hili katika ukaguzi wa lebo. Ombi langu ni kwamba mtu anayeweka maziwa ya mbuzi katika jina au picha ya sabuni aandike kwa Kiswahili, upande wa mbele, ni kiasi gani cha maziwa kiliingia siku ya kumwaga, na kwamba neno "hutibu" lisiruhusiwe kwenye karatasi ya sabuni ya kuogea. Natambua kuwa wakaguzi ni wachache na masoko ni mengi. Kwa hiyo ningependa wauzaji wa jumla nao wadai maelezo hayo kabla ya kuchukua mzigo, maana wao wakikataa, mtengenezaji hubadilika upesi kuliko anapoonywa kwa barua.

Sisi nyumbani hatujasubiri. Tangu mkupuo wa Machi karatasi zetu zina maneno haya: "Maziwa ya mbuzi sehemu 22 katika 100 siku ya kumwaga. Mafuta ya nazi, mawese, alizeti, kostiki soda. Hakuna manukato. Si dawa. Mwenye mzio wa maziwa asitumie." Chini yake kuna tarehe ya kumwaga na tarehe ya kukomaa. Mwenye duka mmoja aliniambia kwamba maneno "si dawa" yatanifukuzia wateja, na ni kweli kwamba katika mwezi wa mwanzo wa karatasi hizo tuliuza vipande vichache kuliko kawaida. Miezi miwili baadaye mauzo yalirudi karibu na pale yalipokuwa, na mkupuo mwingine uko juu ya chanja sasa hivi ukingoja wiki zake.

Wako,
Mfugaji wa mbuzi wa maziwa,
Mgeta, Morogoro.