Baridi ya Mbeya isitudanganye

Ndugu Mhariri,

Kwa kuwa Julai tunashinda na masweta, tunadhani jua kali ni la Dar es Salaam tu. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 unazopanda, mionzi inayounguza ngozi huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Mwanangu alirudi kutoka michezo ya shuleni mashavu yamebabuka, na sweta bado kalivaa! Kwa nini michezo ipangwe saa sita mchana? Iwe kabla ya saa nne, au jioni. Wenye ualbino ndio wanaoumia zaidi. Waruhusiwe kofia pana na mikono mirefu, sare au si sare. Na ndoo ya maji ikae uwanjani kivulini, si ofisini kwa mwalimu.

Mzazi,
Uyole, Mbeya