Jumamosi ufukweni: mchango na chakula

Wapendwa wa kikundi chetu cha kula kwa afya, habari za jioni na poleni na majukumu.

Safari ya kuwapeleka watoto kwenye bembea ipo palepale. Tukutane kituo cha mabasi cha Buzuruga, Mwanza, saa 2:00 asubuhi, gari linaondoka 2:30. Mchango ni shilingi 15,000 mtu mzima na 8,000 mtoto, umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi saa 12 jioni.

Sasa mlo wetu. Pale getini tu unapokelewa na harufu ya chipsi, na foleni ya bembea haisogei. Hapo ndipo mwenye njaa anaagiza chipsi mayai na kusema "leo tu". Kwa hiyo:

1. Asije mtu na njaa. Mayai ya kuchemsha na kiazi kitamu kimoja vinatosha kukufikisha mchana.

2. Kamati ya jiko italeta sato wa kuchoma, matembele na kachumbari. Ugali upo, ila usizidi ngumi yako (ya kwako, siyo ya mumeo).

3. Njoo na maji lita 1.5. Soda ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko 9 vya chai.

Wenye kisukari, bebeni dawa na msiruke mlo. Watoto waacheni na aiskrimu yao, wao hawajajiunga na kikundi hiki.

Tafadhali andika NAKUJA, idadi ya watoto, na kama huli samaki, kabla ya kesho saa 3 usiku. Sato nikishawaagiza mwaloni, kwenye soko la samaki, hawarudishwi.