Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Sindano za Joto na Mimba za Ng'ombe Wetu

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana mliotoka Mingoyo, Mnazi Mmoja, Mtama hadi Nyangao, nawashukuru kwa kuacha mazizi yenu na kuja. Mambo ya fedha atayasoma mweka hazina. Hesabu ya kila ng'ombe aliyehimilishwa, yaani aliyetiwa mbegu za dume na mtaalamu, aliyeshika mimba na aliyerudia joto imo kwenye daftari la katibu hapo mezani; kila mtu afungue aone wake. Mimi nitazungumzia jambo moja tu: sindano za homoni za kuleta joto, yaani siku ambazo jike hukubali kupandwa, na kwa nini awamu ya Oktoba ilitutia hasara wakati awamu ya Juni imetupa mimba.

Tulianza kwa pupa. Tulikuwa tumechoka kumpigia simu mhimilishaji, akifika anakuta ng'ombe ameshapoa. Tukasikia kuna sindano inayoleta joto, ng'ombe wa mtaa mzima wanaingia wiki moja, mtaalamu anakuja na mtungi wake mara moja, kazi imekwisha. Kwa sisi wa Lindi tulio zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Usa River, Arusha, zinakozalishwa mbegu, habari hiyo ilikuwa tamu. Mbegu hukaa kwenye naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, nayo hupungua mtungini kila siku hata usipoifungua. Safari moja badala ya kumi si jambo dogo. Lakini wengi wetu tulielewa kwamba sindano ndiyo inayotia mimba. Haitii.

Sindano tuliyotumia ni prostaglandini, na kazi yake ni moja. Yai likishatoka kwenye ovari, pale lilipotoka panaota kiuvimbe cha njano. Kiuvimbe hicho hutoa homoni ya kulinda mimba, na kikiwepo, joto haliji. Kama hakuna mimba, mwili wenyewe hukivunja na ng'ombe hurudi kwenye joto baada ya siku 21 hivi. Sindano hukivunja kabla ya siku zake, na joto huja kati ya siku ya 2 na ya 5. Ng'ombe aliyetoka kwenye joto juzi, kiuvimbe chake bado kichanga na hakisikii dawa; ndiyo maana huchomwa mara 2 kwa kupishana siku 11, ili aliyekosa mara ya kwanza aguswe ya pili. Na ng'ombe aliyekonda mpaka ovari zimelala hana kiuvimbe cha kuvunja. Huyo hata ukimchoma mara 10, joto haliji.

Sasa tazameni tulichofanya. Tulichagua Oktoba. Majani yamekauka, jua linachoma, ng'ombe wanahesabika mbavu, na kila mwenye mikorosho yuko shambani anaokota tangu alfajiri. Nani angekaa zizini kuangalia joto? Katika nchi ya joto kama yetu ng'ombe wengi hupandana usiku. Asubuhi tulikuwa tunakisia, na mbegu zikaingizwa kwa kukisia. Ndama wa awamu hiyo waliozaliwa Julai ni wachache, mnawajua.

Lakini kubwa lililonikosesha usingizi ni la mama yetu wa Mingoyo, ambaye yuko hapa leo na ameniruhusu nilitaje. Siku ya kuchoma alisema wazi: "Mwenyekiti, dume la jirani lilivunja uzio wangu baada ya Sabasaba, sijui kama huyu yuko mtupu." Nilikuwa na haraka. Dawa ilikuwa imeshafunguliwa, msafara ulikuwa unangojea kwenda Mtama. Nikamwambia atakuwa mtupu tu, nikaweka sahihi kwenye fomu. Siku ya 5 alinipigia simu. Nilikuta kijusi kwenye nyasi nyuma ya zizi, cha ukubwa wa panya buku, kwato zimeshaanza kuonekana. Dawa ile ile inayovunja kiuvimbe cha ng'ombe mtupu huvunja na kile kinacholinda mimba. Kosa lilikuwa langu, si la mchomaji. Kamati imekubali kwamba mtamba (jike ambaye hajazaa) wa kwanza atakayenunuliwa na chama aende kwake, na mimi nachangia katika bei yake.

Baada ya hapo tuliweka sharti: hachomwi ng'ombe ambaye hajapimwa mimba. Kupima kwa mkono kunaaminika zaidi mimba ikifika siku 60, kwa hiyo ng'ombe aliyekutana na dume wiki tatu zilizopita husubiri. Na nyie kina mama wajawazito, pamoja na wenye pumu, msiishike dawa hii wala bomba lake, maana hupenya kwenye ngozi. Wengine tuvae glavu.

Awamu ya Juni tuliianza Aprili, na tuliianza kwenye kihori. Mashudu ya ufuta, pumba, chumvi ya kulamba, dawa ya minyoo, na wale wa pembezoni mwa pori tukawakinga dhidi ya mbung'o. Ng'ombe aliyezaa tulimwacha apitishe siku 60. Aliyebaki mwembamba hakuchomwa, na wenyewe walinung'unika sana. Mmoja hakunisalimia mwezi mzima. Juni majani yapo, upepo wa kusi unapuliza, korosho bado. Ndama wa mimba hizo watazaliwa kuanzia Machi, mvua ikiwa inaendelea.

Vijana waligawana zamu, saa 11 alfajiri na saa 3 usiku. Nilikesha nao Mtama usiku mmoja. Tulimulika tochi tukamwona ng'ombe mweusi amesimama tuli huku mwenzake akimpanda, hakusogea hata hatua. Ute ulikuwa unaning'inia mkiani, safi kama ute wa yai, na manyoya ya juu ya shina la mkia yamechakaa kwa kupandwa. Mwenyewe akakumbuka kuwa jioni ile maziwa yalipungua. Hapo hakuna kukisia. Aliyeonekana usiku alihimilishwa asubuhi, aliyeonekana asubuhi akahimilishwa jioni, kwa sababu yai hutoka saa kadhaa baada ya joto kwisha na mbegu zinatakiwa ziwe zinalingoja.

Na mrija nao, ule mwembamba unaobeba mbegu zilizogandishwa, tuliusimamia. Zamani niliwahi kuona mrija ukiyeyushwa kwa kusuguliwa viganjani juani. Safari hii maji yalipimwa kwa kipimajoto, nyuzi 35 hadi 37, mrija ukaingia, mimi nikahesabu sekunde 40 kwenye simu, ukafutwa ukauke, ukaingizwa kwenye bunduki yake ya kuhimilishia bila kuchelewa. Dakika hizo chache zinaweza kuua gharama yote iliyotangulia.

Upimaji wa Agosti umeonyesha mimba nyingi kuliko Oktoba, kwa ng'ombe wachache zaidi. Wale ambao ng'ombe wao wamerudia joto wasivunjike moyo. Hata kwenye mashamba yanayotunzwa vizuri, karibu nusu hawashiki kwa mrija wa kwanza.

Kijana mmoja aliniuliza pale Ngongo kwenye Nanenane kama farasi nao hufanyiwa hivi. Hufanyiwa, na Ilya Ivanov wa Urusi aliikuza kazi hii kwa farasi mwanzoni mwa karne ya 20. Jike la farasi hukaa kwenye joto siku 5 hadi 7 na yai hutoka mwishoni, kwa hiyo pamoja na sindano zao zote, daktari bado humpima ovari kwa ultrasaundi mara kwa mara apate saa yenyewe. Na wao hawajaachiwa kulala.

Juu ya madume: tusimpe mtamba mdogo wa kienyeji mbegu za Friesian, ng'ombe wa maziwa wenye umbo kubwa, atateseka kuzaa. Jersey, aina yenye umbo dogo, anamfaa zaidi, na joto letu analivumilia. Katibu aandike namba ya dume kwenye kila kadi, tusije tukampandisha binti kwa baba yake.

Kamati inapendekeza mwakani tujaribu ratiba ya siku 10 kwa ng'ombe wachache: sindano ya kuamsha ovari siku ya kwanza, prostaglandini baada ya siku 7, siku 2 baadaye ile ya kwanza tena, kisha kuhimilisha baada ya saa 16 hadi 20 bila kungojea dalili za joto. Ni sindano 3, gharama inapanda, na lishe inatakiwa ile ile. Mjadala uko wazi. Namwomba mama yetu wa Mingoyo awe wa kwanza kusema.