Risala ya waongozaji na wapagazi wa Mlima Kilimanjaro kwa mgeni rasmi, Marangu, tarehe 6 Oktoba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa dini, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, nawe tunakushukuru kwa kukubali kufika Marangu licha ya majukumu mengi uliyonayo.

Mheshimiwa, siku kama ya leo mwaka 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni Kibo. Hawakuwa peke yao. Muini Amani wa Pangani alibaki na baridi kulinda kambi yao ya juu, na wazee wetu wametusimulia kuwa aliyewaonyesha njia ni kijana wa hapa hapa, Yohani Kinyala Lauwo. Mzee Lauwo alipandisha wageni miaka mingi, akafariki mwaka 1996. Kazi hii ametuachia sisi.

Kikundi chetu kimepiga hatua kubwa sana. Tuna katiba, akaunti benki na mfuko wa kuzikana, na mwaka huu tumenunua turubai na viti vya kukodisha, hivyo mlivyokalia.

Mheshimiwa, pamoja na mafanikio hayo, tuna shida moja. Mzee Lauwo tunasimuliwa alipanda amejifunga blanketi. Leo hii mgumu, ndivyo tunavyomwita mpagazi, anabeba kilo 20 za mgeni akiwa amevaa raba. Mvua ya msituni inamlowesha kabla hajafika kambi ya Mandara, na kwenye kambi ya Kibo, mita 4,720, hana nguo ya kubadilisha. Pale kambi ya Horombo, katikati ya hizo mbili, utamkuta anayeshuka anavua koti, lingali bichi kwa jasho, anamvisha anayepanda.

Tunaomba stoo ya vifaa: makoti ya mvua, buti, glovu na mabegi ya kulalia, mgumu aazime akipanda, arudishe akishuka. Kiwanja tunacho. Msingi tuliuchimba kwa mikono yetu baada ya mgeni rasmi aliyekutangulia kutuahidi saruji na mabati, tukampigia makofi. Wa kabla yake aliahidi buti, tukapimwa hadi saizi za miguu. Karatasi hiyo ninayo hapa mkononi, na baadhi ya waliopimwa wameshaacha kupanda. Barua zetu za kukumbushia hazijajibiwa hata moja. Hatumlaumu mtu, Mheshimiwa. Ila vuli inakaribia, na msingi ule utajaa maji tena.

Kwa heshima na taadhima, tunakuomba ututajie leo, kabla hujapanda gari, ni kiasi gani na ni tarehe ngapi, ili katibu aandike kwenye muhtasari.

Tunaomba kuwasilisha.