Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliyekabidhiwa michezo ya shule Kondoa

Mpwa wangu mpendwa,

Nimesikia mkuu wa shule amekukabidhi michezo na klabu zote, pamoja na stoo yenye mpira mmoja uliopasuka. Hongera sana. Watu watakushauri uanze na timu ya mpira wa miguu kwa sababu ndiyo inayoshangiliwa. Mimi naomba uanze na netiboli. Wavulana watacheza hata kwa mpira wa makaratasi na kamba. Shule ya kata katika mji mdogo inawapoteza wasichana kwanza: kengele ya mwisho ikilia wanawahi kuchota maji, na hakuna aliyewaandalia sababu ya kubaki.

Mwaka 2022 Serengeti Girls, timu ya soka ya wasichana ya Tanzania, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India. Mzazi akikuuliza binti yake anafuata nini uwanjani, mwambie hilo. Mwambie na saa ambayo binti atakuwa amefika nyumbani, maana hiyo ndiyo anayoitaka zaidi.

Kiwanja ni mita 30.5 kwa 15.25. Futikamba nyingi zinaishia mita 30, na hapo ndipo viwanja vinapoanza kwenda upande: mtu anapima 30, kilichobaki anakikadiria kwa hatua. Wewe pima 15.25 mara mbili kwenye mstari uleule. Kona zipate kwa kamba: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na ncha hizo mbili ziachane kwa mita 5 kamili. Vigingi vinne vikishasimama, pima kimshazari kutoka kona hadi kona. Njia zote mbili zitoe mita 34.1. Zikitofautiana, sogeza vigingi kwanza, chokaa baadaye. Urefu wa kiwanja uelekee kaskazini na kusini, kwa sababu mazoezi ni ya alasiri; la sivyo jua la magharibi litawapiga wafungaji machoni. Gawa urefu huo sehemu tatu za mita 10.17. Nusu duara ya goli ni mita 4.9 kutoka katikati ya mstari wa goli. Ichore kwa waya wa kufungia nondo. Kamba ya nailoni inavutika, na duara linatoka kama yai.

Kwenye milingoti ndipo pesa inapopotea. Pete inakaa mita 3.05 kutoka ardhini. Bomba la inchi 3 dukani ni la mita 6, na fundi atakushawishi alikate katikati upate milingoti miwili kwa bei ya bomba moja. Ukikubali, kila mlingoti utakuwa na mita 3, yaani umeshapungua hata kabla hujafukia chochote. Unahitaji mita 3.8: 3.05 juu, sm 75 shimoni. Nunua mabomba mawili. Vile vipande viwili vya mita 2.2 vitakavyobaki vitunze, vitakufaa kwa kuruka juu. Shimo liwe sm 40 kwa 40, zege la saruji moja kwa mchanga mbili kwa kokoto nne. Mifuko miwili ya saruji inatosha mashimo yote mawili. Mwagilia zege siku 7, na pasiwe na mtu wa kutikisa mlingoti.

Pete itengenezwe kwa nondo ya mm 16, kipande cha sm 125 hivi, ikikunjwa iache nafasi ya sm 38 kwa ndani. Inashikwa na mkono wa sm 15 kutoka kwenye mlingoti. Simama hapo fundi anapochomelea, uhakikishe ameweka kitegemeo chini ya mkono huo. Bila kitegemeo, mvulana wa kwanza kuning'inia atapasua kiungo, pete itainama mbele, na mabinti wataanza kulenga kwa kufuata kosa la chuma. Wakienda kucheza shule nyingine watakosa kila mpira na hawatajua kwa nini.

Mistari iwe na upana wa sm 5. Tumia chokaa iliyozimwa kwa maji tu. Chokaa mbichi ikikutana na jasho inaunguza ngozi, na jichoni inaweza kupofusha; usimpe mwanafunzi aimwage kwa mikono, hata kama ndiyo iliyopo stoo. Mvua za Desemba hadi Aprili zitafuta mistari mara kwa mara, basi acha vigingi vifupi vya kona vikiwa vimezama usawa wa ardhi, usianze kupima upya kila wiki.

Mipira iwe angalau miwili, wa mazoezi na wa mechi, kwa sababu changarawe inakula ngozi ya mpira haraka. Lowanisha sindano ya pampu kabla ya kuiingiza. Ikiingia kavu inachana valvu, na mpira utakuwa unalegea kila asubuhi ilhali tundu halionekani. Vizibao 14 vya rangi mbili, vyenye herufi za nafasi za wachezaji kuanzia GS (mfungaji) hadi GK (mlinda goli), fundi cherehani wa sokoni anavishona vizuri. Anayevaa hijabu acheze nayo, ila bila pini, na traksuti ndefu aruhusiwe. Ukimlazimisha achague kati ya mavazi yake na mchezo, umemfukuza.

Mazoezi yawe Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa tisa na nusu hadi saa kumi na nusu. Saa moja inatosha. Wengi wameondoka nyumbani alfajiri na kikombe cha chai ya rangi, na wengine hawakula mchana. Ukiwakimbiza saa mbili mtu ataanguka, na njaa isichukuliwe kuwa uvivu. Waulize kabla ya kuanza. Aliyeshinda njaa mpe filimbi au daftari la magoli siku hiyo.

Klabu ya midahalo haihitaji pesa, na bado ndiyo inayokufa haraka. Inakufa kwa lugha. Mtoto wa kidato cha kwanza ametoka kusoma miaka yote kwa Kiswahili. Ukimsimamisha mbele ya shule nzima atetee hoja kwa Kiingereza, atakariri sentensi mbili na hatarudi tena. Wiki moja fanyeni kwa Kiswahili, wiki inayofuata mada ileile kwa Kiingereza. Wasemaji watatu kila upande, dakika 3 kila mmoja, kisha dakika 15 za ukumbi. Mtunza muda awe mwanafunzi.

Klabu ya historia ipeleke Kolo, kwenye barabara ya Babati, ikaone michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wenyeji bado wanafanya matambiko huko, kwa hiyo mtangulize mzee na mwongozaji, na watoto wasiguse wala kulowesha mwamba.

Kuhusu fedha: tangu Januari 2016 hakuna ada hadi kidato cha nne, na mchango wa mzazi ni wa hiari. Peleka ombi kwenye bodi ya shule, liandikwe kwenye muhtasari, na uombe vitu badala ya pesa. Huyu atoe saruji, yule bomba. Asirudishwe mtoto nyumbani kwa sababu ya mpira.

Msimu wa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ukikaribia, mtu mwenye heshima zake mjini atakuletea mchezaji hodari ambaye si mwanafunzi wako. Huyo ni mamluki. Mkatae siku hiyohiyo, maana akigundulika timu nzima inaondolewa, na watakaolia ni mabinti waliofanya mazoezi tangu Januari. Andika daftari mapema: jina, kidato, tarehe ya kuzaliwa, nakala ya cheti. Mkuu wa shule asaini daftari hilo kabla timu haijapanda gari, na nakala moja ubaki nayo wewe.

Mjomba wako