Hati inasema wikendi, mtoto yuko Dodoma

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi niseme hili la watoto wa wazazi walioachana, maana hapa Mbeya nalisikia kila siku na kwangu pia limo.

Nauza mchele Mwanjelwa. Mimi na mzazi mwenzangu tuliachana 2022, tukapita baraza la usuluhishi la kata ikashindikana, mahakama ikampa yeye mtoto, alikuwa na miaka 5, mimi nikapewa kumuona wikendi. Sikubisha, mtoto wa miaka 5 utamfanyaje wewe unaetoka nyumbani alfajiri kuwahi magunia? Na ilikuwa inaenda vizuri tu, Jumamosi namfata na bajaji anashinda dukani anajaza kisado na kuwatajia wateja bei anayoijua yeye.

Mwaka jana mama yake kapata kazi Dodoma, nzuri kuliko ya huku, wakahama. Mimi nimefika Jumamosi nakuta kufuli, mwenye nyumba ananiambia "kwani hujui?" Hapo ndo niliumia. Kazi ni kazi, hata mimi ningeenda, ila kuambiwa na mwenye nyumba!

Sokoni wakanijaza maneno, ooh mtoto kashafikisha miaka 7 kamchukue, si ulitoa mahari? Mhariri hii stori inaponza wanaume wengi. Nilienda kwa watu wa msaada wa kisheria wakanisomea, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 125 inasema mtoto wa chini ya miaka 7 inachukuliwa ni vizuri akae na mama, na hata hilo unaweza kulipinga, lakini hakuna palipoandikwa kwamba akitimiza 7 anahamia kwa baba kama anavyopanda darasa. Mila zimo kweli ila ni kitu kimoja kati ya vingi, kinachotangulia ni maslahi ya mtoto, na akiweza kujieleza anasikilizwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inaangalia malezi yasikatikekatike. Sasa nikamtoe shuleni Dodoma kwa nguvu, si nitakuwa namhamisha mara ya pili?

Shida yangu ni ile hati ya mahakama. Kifungu cha 126 kinairuhusu mahakama kuweka masharti, mtoto akae wapi, amtembelee mzazi mwingine lini na kwa muda gani, mpaka kumkataza mzazi asimtoe nje ya Tanzania. Yetu imeandika "wikendi" basi. Wikendi ya Dodoma naianzaje? Makambako, Mafinga, Iringa, Mtera, unafika umechoka unatafuta gesti, asubuhi unakaa nae kidogo halafu unageuza, na nauli ni yako peke yako.

Mahakimu watuulize palepale, na sisi tuseme palepale: anaetaka kuhama amwambie mwenzie miezi miwili kabla, kwa maandishi, likizo ya Juni na Desemba mtoto anakuwa kwa nani, nauli anatoa nani, simu siku gani. Mistari minne tu. Na kama hati ishatoka unaweza kurudi mahakamani ukaomba ibadilishwe, wengi hatujui tunaishia kutukanana kwenye simu.

Najua kina mama watasema mbona kina baba wengine wako mtaa wa pili na hawaonekani. Kweli kabisa. Hata mimi msimu wa mavuno nilikuwa nakaa Ubaruku kule Mbarali wikendi tatu mfululizo, mtoto ananisubiri kavaa viatu. Sijisafishi.

Nimeshapeleka maombi, mama yake nae kakubali kuja. Ila zamani mtoto akinipigia alianza na "baba umeniwekea nini?", siku hizi anasema "shikamoo baba" halafu kimya, namsikia mama yake kwa pembeni, "ongea basi, ongea na baba".

Muuza mchele,
Mwanjelwa, Mbeya